Alfa 0.93 haikuambii umepima nini

Simama hapohapo mkuu, usichapishe hata nakala moja. Maswali 40 ya sonona uliyotunga mwenyewe, alfa ya Cronbach (namba ya kuonyesha majibu ya maswali yako yanavyoendana) 0.93, halafu unauliza uwagawie watu wangapi na kama utumie simu au karatasi? 0.93 kama hiyo ndiyo iliyonizika mimi.

Piga hesabu. Maswali 40 yanayohusiana kwa wastani wa 0.25 tu (0 hayahusiani, 1 yanaendana kabisa) yanakupa alfa 0.93. Bakiza 10 yenye wastani uleule, inashuka hadi 0.77. Yaani wingi wa maswali peke yake unaipandisha. Na kuipandisha nilikujua! "Naamka nikiwa nimechoka." "Mchana sina nguvu." "Usingizi wangu unakatikakatika." Swali moja limevalishwa kanzu tatu. Alfa ikapaa, msimamizi wangu akasema ikishavuka 0.7 ingia uwandani. Mtu mzima, shahada zimejaa ukutani, hakusoma hata swali moja! Aliangalia namba, akasaini. Mpaka leo nikimkumbuka napandwa na hasira.

Basi nikaingia. Wengi waliojaza walikuwa wafanyakazi wa zamu za usiku, na kwa hojaji yangu karibu wote wakaonekana wana sonona kali. Kumbe hawajalala. Data yote ikawa ya kutupa, na wakusanyaji nilishawalipa. Lakini msinicheke sana, kipimo changu cha kukosa usingizi ni cha hali ya juu. Anayekihitaji aseme, nampa bure.

Na usijitetee kwamba hata PHQ-9, ile hojaji ya sonona inayotumika sana, inauliza usingizi na uchovu. Inauliza, ila usingizi swali moja, uchovu swali moja, kati ya tisa. Wewe na mimi tulijaza kapu zima.

Kabla ya kugawa chochote, kaa na watu wa aina ileile unayotaka kuwapima, mmoja mmoja, wajibu kwa sauti. Kila swali uliza: "Ulipochagua 'mara nyingi', ulikuwa unafikiria nini?" Kwangu angetokea mmoja tu akasema "zamu", ningeokoka. Ukisikia maelezo yaleyale kwenye maswali matatu, futa mawili. Alfa itashuka, iache ishuke. Simu au karatasi, vyovyote tu. Msimamizi akinuna, mwulize yeye amefika swali la ngapi.