Maswali ya Wasomaji: Kinyama cha Utafiti

SWALI: Mimi ni muuguzi wa chumba cha endoskopia (uchunguzi wa ndani ya mwili kwa mrija wenye kamera). Tunakusanya vinyama (vipande vidogo vya nyama) vya saratani ya umio kwa ajili ya utafiti, lakini maabara inalalamika kwamba RNA (molekuli zinazobeba maelekezo ya jeni ndani ya seli) imeharibika. Makopo yote tunayatia fomalini. Tunakosea wapi? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Pole na kazi, ndugu muuguzi. Kosa ni hiyo fomalini. Inatunza umbo la seli kwa ajili ya hadubini, ila RNA inaikatakata. Gawanyeni makopo.

Vipande 6 hadi 8 vya mwanzo ni haki ya mgonjwa: viende kwenye fomalini ili patholojia (maabara inayochunguza ugonjwa kwenye nyama) imtolee majibu. Vichukuliwe kwenye kingo za kidonda, maana katikati mara nyingi ni nyama iliyokufa. Vya utafiti, 2 au 3, vifuate, tena kwa ridhaa iliyoombwa kabla ya sindano ya usingizi.

Hivyo vizamishwe papo hapo kwenye nitrojeni ya kimiminika au kwenye dawa ya kuhifadhi RNA, ujazo wake mara 5 hadi 10 ya kipande. Kwa Dar es Salaam sisi tunapendelea dawa. Kipande kisizidi milimita 5, la sivyo dawa haifiki ndani. Kikiwa ndani ya dawa, kilale kwenye friji, nyuzi 4, usiku kucha, kisha kihamie friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Umeme ukikatika kikiwa bado kwenye dawa, kwa nyuzi 25 kinavumilia wiki; kwa nyuzi 37, siku moja tu.

Lebo ibandikwe ubavuni mwa kopo. Vifuniko hubadilishana!

Fomalini nayo iwe ya 10% yenye chumvi za fosfeti. Bila chumvi hizo hugeuka asidi na kuacha madoa ya kahawia kwenye slaidi. Ujazo uwe mara 10 ya kinyama, na kisikae humo zaidi ya saa 48: cha Ijumaa jioni kisisubiri Jumatatu.

SWALI: Baba ameombwa vipande vya ziada vya utafiti. Akikataa, atanyimwa tiba? (Msomaji, Ilala)

JIBU: Hapana. Ridhaa ni hiari yake, na anaweza kuiondoa hata baada ya kusaini. Aombe kuonyeshwa kibali cha maadili ya utafiti, na aulize kama sampuli itasafirishwa nje ya nchi. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, amwambie daktari mapema, kwa sababu kila kipande kinachong'olewa huacha kijeraha kinachovuja damu.