Kuweka Ubuntu kando ya Windows kwenye kompyuta mpya

Ndugu, nimeelewa kwamba kompyuta yako mpya ya mezani imekuja na Windows 11, nawe ungependa kuweka Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kando yake bila kupoteza kazi zako. Kwanza nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha uandike kwenye karatasi ufunguo wa BitLocker (kinga ya Windows inayofunga diski kwa siri), kwa sababu mipangilio ya kuwashia kompyuta ikibadilika Windows inaweza kuudai, na usipokuwa nao hutayafungua mafaili yaliyomo. Andaa flashi ya GB 16 iliyowekwa Ubuntu, uwashe kompyuta kwa flashi hiyo, na uijaribu Ubuntu kabla ya kuisakinisha, ukikagua sauti na Wi-Fi. Wakati wa kusakinisha, usichague kufuta diski nzima. Diski isipoonekana kabisa, mwone fundi kabla ya kugusa mipangilio ya hifadhi, kwani ukiibadilisha Windows inaweza kukataa kuwaka.