Gari kodi, lakini si siku ya kwanza

Mwanangu,

Voisi noti yako nimeisikiza mara mbili, manake mara ya kwanza mamako alikuwa akikaanga samaki na sikusikia kitu. Waniuliza mkija Disemba na mkeo na watoto mkodi gari palepale epoti au mtembee na tuktuk, na ati mkeo kaambiwa na watu kuwa kuendesha gari Mombasa ni wazimu. Mwambie si wazimu, yategemea tu waendesha wapi. Mimi nimeendesha teksi mji huu miaka 22 babangu, na nakwambia kisiwani gari ni mzigo, raha ya gari iko nje ya kisiwa.

Kwa hivo siku mbili za kwanza usikodi chochote. Mji wa Kale ni wa miguu. Wewe umezaliwa hapa lakini ushasahau, Ndia Kuu ni kuu kwa jina tu, ukiingiza gari mle ukakutana na mkokoteni wa maji hamna wa kurudi nyuma ila wewe, na wazee wa barazani wote watakupa maelekezo kwa pamoja, huyu kata kulia huyu kata kushoto. Tembeeni. Anzeni Fort Jesus asubuhi kabla jua halijawa kali. Wareno waliianza 1593, wakajifungia humo wakidhani hawatoki, Waomani wakaja wakawazingira tangu Machi 1696 mpaka Disemba 1698, hebu fikiria karibu miaka mitatu watu wako ndani ya kuta njaa na maradhi yawamaliza. Babu yako marehemu hakuwahi kuiita Fort Jesus, kwake ilikuwa Gereza, manake Waingereza waliwafunga watu mle mpaka 1958. Na kumbe hilo neno gereza lenyewe tumelitoa kwa Wareno, kwao lilikuwa kanisa! Mueleze mkeo hilo.

Mkitoka hapo piteni Msikiti wa Mandhry, huo ni wa 1570, yaani Wareno wamekuja kujenga ngome yao wameukuta. Halafu mteremke mpaka bandari ya kale mwaone majahazi. Jioni nendeni Lighthouse, pale ufukweni meli zinapoingilia, hapo hata sina haja ya kukueleza, mihogo ya pilipili na madafu, na mkibahatika meli ya kontena yaingia Kilindini yapita karibu mpaka watoto watadhani itapanda juu ya barabara, na feri za Likoni zote zasimama kuingoja ipite.

Siku ya tatu ndo chukua gari. Gari dogo latosha, Demio au Vitz, usidanganywe na mtu akupe lile kubwa la milima, njia nyingi unazotaka ni lami. Ila kabla hujaweka sahihi, zunguka gari lote na simu ukirekodi, milango, bampa mpaka kwa chini, taa, fungua buti uone spea tairi na jeki vipo. Binamu yako mwaka jana alikodi mahali, sitapataja, siku ya kurudisha akaoneshwa mkwaruzo ulokuwa na kutu! Kutu, mwanangu, kwa siku nne alizokaa nalo. Na depoziti ikaenda hivo hivo kwa sababu hakuwa na picha hata moja.

Kwa upande wa kusini, usipange foleni ya Likoni na gari. Feri wapande watoto kwa miguu siku moja kwa ajili ya kuona, na kwa miguu ni bure. Ukienda Diani na gari pita Dongo Kundu, hiyo baipasi ilimalizika 2024 na hakuna kungoja feri tena, wapita juu ya madaraja, mikoko huku na huku, mimi mara ya kwanza nilisimamisha gari kando nikaangalia tu. Kwa njia hiyo hiyo waweza kupanda Shimba Hills mkaone palahala, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, nyama huyo kwa Kenya nzima yupo hapo tu. Kiangazi ni rahisi, mvua ikinyesha njia za ndani zateleza na Demio lako utalisukuma, basi uliza getini kwanza.

Kaskazini ndo penyewe. Vuka daraja la Nyali, na pale Kengeleni waambie watoto jina latokana na kengele ya Freretown, walipowekwa watumwa waliokombolewa miaka ya 1870, ikilia kuwaonya wenyeji hatari ikija. Kisha pita Mtwapa kabla ya saa kumi na mbili unusu asubuhi, la sivyo utakaa kwenye jemu mpaka watoto wamalize biskuti zote. Na matuta! Mengine hayana rangi wala kibao, ukiona gari la mbele lawasha breki bila sababu, sababu ni tuta. Usiku usiendeshe njia hiyo, malori, bodaboda bila taa, mbuzi, sina la kuongeza.

Kilifi utapita darajani dakika moja tu. Daraja lile ni la 1991, kabla yake kulikuwa na feri, na nakumbuka abiria wakilala foleni mpaka wakota ndoto.

Halafu Gedi. Hapa nataka unisikize vizuri. Ni mji mzima wa mawe ndani ya msitu, misikiti, visima, nyumba za matajiri, vyombo vya kauri kutoka China vilichimbuliwa mle, halafu kufikia karne ya 17 watu wakauacha mpaka miti ikapanda juu ya kuta. 2024 UNESCO wakauingiza kwenye urithi wa dunia. Haya yote nimeyapata kwa abiria wangu. Wageni nimewapeleka Gedi mara zisizo na hesabu, na kila mara mimi nabaki nje chini ya mti nalinda gari, nala mabuyu, saa mbili baadaye wanatoka Wazungu wananisimulia mimi mji wa wazee wangu, nami naitikia "ndiyo ndiyo" kama najua.

Safari hii funguo za gari utakuwa nazo wewe, na ikiwa watoto wamelala utabaki nao wewe chini ya ule mti. Mimi naingia na mkeo.

Nitumie saa ya kutua ndege. Na ile miwani ya kusomea ulioniahidi usiisahau, mle ndani najua kuna vibao.

Babako