Mgonjwa akikataa kupanda gari la wagonjwa

Pole na kazi, ndugu yangu. Nimekuelewa: mzee wa Igoma kaanguka na bodaboda, kagonga kichwa, hataki umpeleke Hospitali ya Sekou Toure kwa gari lako la wagonjwa, na wanawe wanataka umbebe kwa nguvu.

Waache wanawe kwanza. Je, mzee mwenyewe ana uwezo wa kuamua? Mweleze hatari kwa lugha yake, hata Kisukuma, kisha akueleze alichoelewa. Pima sukari na oksijeni kwenye damu, maana zikishuka huvuruga uamuzi. Sukari ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, mpe sukari kisha mpime tena. Akiwa amelewa chakari au anarudia swali lilelile, usiitegemee "hapana" yake, mpeleke. Jeraha la kichwa hudanganya sana: mtu huongea vizuri, saa chache baadaye anazimia.

Akiwa timamu, usimbebe kwa nguvu, hata wanawe wakilia. Mpigie daktari wa zamu azungumze naye. Mara nyingi hapo ndipo wazee hulegea. Akishikilia, andika kila kitu pamoja na saa, shahidi asaini, na waeleze ndugu dalili za kumkimbiza hospitali: kutapika, usingizi mzito, degedege, kuchanganyikiwa. Upande wa sheria, muulize mganga mfawidhi (mkuu wa kituo chako cha afya) kabla ya zamu ijayo.