Taa mbili kugeuka pamoja: kagua anwani kabla ya kununua meza mpya ya kuendeshea taa

Ndugu, unasema ukigusa taa moja ya jukwaani kwenye programu ya kuziendesha zinageuka mbili, na ile ya mwisho kwenye laini inachezacheza. La kwanza si kosa la programu: taa hizo zimepewa anwani moja ya DMX (mfumo wa kuziamrisha taa kwa waya; anwani ni namba ya chaneli ambayo taa huanzia kusikiliza). Kama kila moja inakula chaneli 16 (njia za amri, kama rangi na mwendo), ya kwanza iweke 1, ya pili 17, ya tatu 33. Modi (mpangilio wa chaneli) uliyochagua kwenye programu nayo ilingane na ile iliyo kwenye taa yenyewe, la sivyo utaomba nyekundu, taa iiname.

Kuchezacheza ni waya. Weka kizibo cha omu 120 (huzuia ishara isirudi nyuma kwenye waya) kwenye taa ya mwisho, na nyaya za maikrofoni ulizounganishia taa (najua, zinaingia vizuri tu!) zitoe. Meza mpya usinunue bado.