Mgonjwa wa ICU anayekunywa methadoni, maumivu yake yanatibiwaje?

Dada uliyeuliza kuhusu mdogo wako wa ajali ya bodaboda pale Igoma, yuko ICU na wanakwambia "huyo teja anataka kulewa tu", pole sana. Mi ni nesi, nimekaa sana ICU hapa Mwanza, nakujibu kwa niliyoyaona.

Ile methadoni, dawa ya kumtoa kwenye heroini anayokunywa kliniki kila asubuhi, usiihesabu kama dawa ya maumivu ya ajali. Arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea, inaizuia siku nzima, ila kutuliza maumivu inakata baada ya masaa sita mpaka nane hivi, na mwili wake umeshaizoea, kwa hiyo paja limevunjika na mbavu juu, hiyo dozi inamfikisha tu pale mimi na wewe tunapoanzia. Dawa ya maumivu inawekwa juu yake, na morfini mara nyingi atahitaji nyingi kuliko wenzake, tena waliotumia muda mrefu wanaweza kusikia maumivu zaidi hata ukiwagusa kidogo. Ukimkatia methadoni umempa ugonjwa wa pili. Tramadoli peke yake ndo kabisa, kikombe cha maji kwenye ziwa.

Sasa mtu ana mpira wa kupumulia mdomoni, haongei. Tunaangalia anavyokunja ndita, anavyokaza mikono tukimgeuza, anavyogombana na mashine. Arosto nayo ina yake: makamasi, machozi, miayo, vinyweleo kusimama, mboni kubwa, kuharisha. Kuna kijana nilimkuta kafungwa mikono kitandani kwa bandeji, kwenye faili wameandika "mkorofi", shuka limelowa jasho, pua inatiririka, na hakuna aliyeuliza anakunywa wapi dozi!! Dokta wa usingizi akapiga simu kliniki, methadoni ikapita kwenye mpira wa puani, akaongezewa ketamini kidogo na sindano ya ganzi ya neva pajani. Jioni bandeji zikatolewa.

Wewe leo nenda kliniki anakonywea, kama ni Sekou Toure nenda hapo hapo, omba waongee na dokta wa ICU moja kwa moja wampe kiwango na siku ya mwisho aliyokunywa. Hiyo siku ina maana sana, akiwa ameruka siku kadhaa hawamrudishii dozi yote kwa mpigo, anaweza kuacha kupumua. Kama yuko kwenye dawa za TB sema, rifampisini inaishusha methadoni mpaka mtu anapata arosto na dozi yake ile ile, efavirenzi ya ARV vilevile. Kama alichanganya na unga au valiamu sema pia, aibu weka pembeni. Uliza na ECG, kile kipimo cha moyo, imepigwa lini, methadoni inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Na pentazosini, sindano nyingine ya maumivu, wasimchome kabisa, inamtupa kwenye arosto hapo hapo.

Akihamishiwa wodini hakikisha methadoni imeandikwa kwenye karatasi zake, hapo ndo huwa inasahaulika. Kliniki wakikujibu andika hapa, niko shifti ya usiku.