Bega Limeganda, Baridi Inasingiziwa

Wiki hii maswali ya bega yamezidi ya tumbo, na karibu yote yanaanza: "Daktari, hii baridi ya huku..." Haya.

Nina miaka 52, nauza viazi Mwanjelwa. Bega la kushoto linauma mwezi wa nne sasa, usiku silali, hata sidiria nafungiwa na binti. Ni baridi yabisi?

Mama, baridi ingekuwa inagandisha mabega, Makete nzima ingetembea imebana mikono kama kuku aliyenyeshewa. Dalili zako ni za bega lililoganda: mfuko unaozunguka kiungo umevimba, ukawa mnene, ukasinyaa. Huwapata zaidi wenye miaka 40 hadi 60, hasa wanawake. Jipime: bana viwiko ubavuni, mikono mbele, kisha ifungue nje kama milango miwili. Mlango mmoja ukigoma hata binti akiusukuma taratibu, mwoneshe daktari hivyo hivyo. Na sukari umepima lini? Hamsemi, nyote! Kisukari na bega kuganda ni majirani wa ukuta mmoja. Tezi ya shingo nayo ipimwe. Ila maumivu ya bega la kushoto yakija ghafla na kifua kubana na jasho, huo ni moyo, usingoje kesho.

Picha ya eksirei imetoka safi. Nimerogwa?

Hapana. Eksirei huonesha mifupa, na kilichosinyaa si mfupa.

Kuna mzee hapa Kilolo anaunga mifupa, anataka kuuvuta mkono mara moja uachie.

Mwamkie, umshukuru, uondoke na mkono wako. Hospitalini kuvuta huko hufanywa mgonjwa akiwa amepigwa nusu kaputi, na hata hapo mfupa huweza kuvunjika.

Litapona lini? Nimechoka na diklofenaki, hii dawa ya maumivu.

Mara nyingi mwaka mmoja hadi mitatu. Kwanza linauma, kisha maumivu yanapungua lakini linakaza, mwisho linaachia polepole. Wengine hubakiwa na ukakamavu kidogo. Diklofenaki ya kununua kila siku dukani itakuharibia tumbo na figo kabla bega halijapona. Miezi ya mwanzo, sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya kiungo husaidia maumivu. Mwenye kisukari ajue itapandisha sukari kwa siku kadhaa, apime.

Mazoezi: inama, shika meza kwa mkono mzima, mbovu uning'inie kama ndoo kisimani, uuzungushe duara dogo. Halafu tembeza vidole ukutani kupanda juu, uweke alama ya mkaa ulipofika. Ukioga maji ya moto kwanza, afadhali. Maumivu yakidumu hadi usiku, umezidisha.

Nimeufunga mkono kwa kanga wiki ya tatu ili upumzike.

Kama hakuna aliyekuta mfupa umevunjika, fungua leo. Kuufunga ndiko kunakoukaza.

Nilianguka na bodaboda Uyole juzi, bega haliinuki. Nianze zoezi lipi?

Hakuna. Nenda ukapigwe picha, na usimruhusu mtu akuchue njiani.